UZI: Kabla hujagusa poti ya swichi, jua kwanza nini kipo mwisho wa kebo

#1 FundiRaki

Wakuu, salaam.

Kila nikipita humu nakuta swali lilelile. Mtu amenunua swichi za mtandao (kiboksi chenye poti nyingi, yaani matundu ya kuchomeka kebo za vifaa), zile za kuingia ndani na kuseti, siyo zile za kuchomeka na kusahau. Ameifunga, na mtandao umekuwa wa mwendo wa kinyonga kuliko mwanzo. Wadau wanammwagia amri za kunakili. Ananakili, anabandika, keshokutwa karudi analia.

Tuanze upya basi. Mifano yangu ni ya Cisco Catalyst 2960-X, kwa sababu za mtumba zimejaa na wengi wenu ndizo mlizonazo. Wenye TP-Link, Aruba au MikroTik msikimbie, mambo ni yaleyale, vitufe tu ndivyo vinahama.

Poti haina setingi nzuri ya peke yake. Setingi nzuri ni ile inayopatana na kilichochomekwa upande wa pili. Kompyuta ya mhasibu, simu ya mezani, kamera, AP ya Wi-Fi (kifaa kinachorusha Wi-Fi), swichi ya ghorofa ya juu, kiboksi cha mtoa huduma wa intaneti: kila kimoja kina mahitaji yake. Kwa hiyo kabla hujafungua hata konsoli (mlango wa kuingia kwenye swichi na kuandika amri), chukua karatasi, fuata kebo moja moja kutoka pachi paneli (ubao unaokusanya kebo za jengo) mpaka ukutani, andika namba ya poti na kilichopo. Ni kazi ya vumbi na hakuna anayeipenda. Ila ukiikwepa, mengine yote nitakayoandika hapa utakuwa unabahatisha.

Ukimaliza, ingia na konsoli (9600, biti 8, bila pariti, stopu 1) kisha andika:

`show interfaces status`

Utaona kitu kama hiki:

```
Port      Name         Status     Vlan  Duplex  Speed
Gi1/0/5   Mapokezi     connected  10    a-full  a-1000
Gi1/0/6   Uhasibu      connected  10    a-full  a-100
Gi1/0/7   Stoo         connected  10    a-half  a-100
Gi1/0/24  Intaneti     connected  100   full    100
```

Tazameni hiyo herufi "a". Ikiwepo, maana yake poti imejichagulia yenyewe, kwa kawaida baada ya kukubaliana na kifaa. Isipokuwepo, kuna mtu alikaa akailazimisha kwa mkono.

Poti ya 5 iko sawa, iacheni.

Poti ya 6 inaenda 100 badala ya 1000. Inawezekana kifaa chenyewe mwisho wake ni 100, kamera nyingi na simu za zamani ziko hivyo. Kama ni kompyuta ya kisasa, shuku kebo. Mbps 100 inatumia jozi mbili za nyaya, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Jozi moja ikikatika au kichwa cha RJ45 kikibanwa vibaya, mara nyingi utakuta imeshuka mpaka 100 na mwenye kompyuta wala hajui. Ukitaka uhakika, tafuta muda ambao huyo mhasibu hana kazi, kisha:

`test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/6`

Subiri kidogo, halafu `show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/6`. Inakutajia jozi gani ina shida na takriban iko mita ngapi kutoka kwenye swichi. Hapo huhitaji kubishana na aliyepitisha kebo.

Poti ya 7 ndiyo sababu ya uzi huu. Hafu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu) mwaka huu? Hapo karibu kila mara upande wa pili umelazimishwa 100 fulu (kutuma na kupokea kwa pamoja). Sikilizeni inavyotokea. Upande mmoja ukiulazimisha, unaacha kutangaza uwezo wake. Upande wa pili, ulio kwenye auto (kujipatanisha wenyewe), unaweza kuitambua kasi kwa kusikiliza mawimbi tu, lakini dupleksi hauna namna ya kuijua. Kanuni inasema ikiwa hujui, chukua hafu. Sasa una mmoja anaongea na kusikiliza kwa wakati mmoja, na mwingine anatumia utaratibu wa simu ya upepo: bonyeza, ongea, achia, sikiliza. Wanakanyagana.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ping (jaribio la kuuliza kama kifaa kinajibu) inapita vizuri kabisa. Ping ni pakiti ndogo, moja moja, hazigongani. Mtu akianza kunakili faili kubwa ndipo mambo yanapooza. Angalia `show interfaces gi1/0/7`: upande wa hafu utaona "late collision" zinapanda, upande wa fulu utaona makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika) na pakiti zilizokatika katikati. Ukiona jozi hiyo ya dalili, acha kubadilisha kebo.

Huu ugonjwa wa kulazimisha kasi tumeurithi. Mwanzoni, baada ya utaratibu wa auto kuingia kwenye kiwango cha IEEE 802.3u mwaka 1995, vifaa vya kampuni tofauti vilikuwa havisikilizani vizuri, na mafundi wa wakati ule walikuwa na haki ya kupigilia misumari. Lakini gigabiti ya kebo ya shaba, ya mwaka 1999, inaidai auto kwa mujibu wa kiwango chenyewe. Ushauri ule ulishapitwa na wakati, sema bado unafundishwa.

Nitaendelea na VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao iliyotengana). Maswali ruksa.

#2 Mkude_wa_Juu

Mkuu umenigusa. Hiyo poti yako ya 24 ndiyo yangu. Mtoa huduma ameniambia kwa barua pepe "weka 100 fulu". Nisimsikilize?

#3 FundiRaki

Msikilize, mkuu. Ukiiacha auto wakati yeye amelazimisha, wewe ndiye utaangukia hafu. Sheria ni moja: pande zote mbili auto, au pande zote mbili zimelazimishwa vilevile. Ukipata nafasi, muombe naye arudi auto.

Kuna mtego mdogo hapo. Kwenye hizi Catalyst, ule uwezo wa poti kujigeuza ili kebo nyoofu na ya kros (yenye jozi za kutuma na kupokea zilizopishanishwa) zote zifanye kazi unategemea kasi na dupleksi viwe auto. Ukilazimisha ukaona taa imezima ghafla, usiilaumu poti, jaribu kebo ya kros.

#4 BintiKebo

Kaka FundiRaki, mimi naomba ufafanue aksesi na tranki. Nina TP-Link, sioni hayo maneno, naona Tagged, Untagged na PVID. Nimeseti VLAN 30 ya wageni kwenye poti ya AP, wageni wanaunganishwa kwenye Wi-Fi lakini hawapati anwani ya IP.

#5 FundiRaki

Dada, swali zuri.

Tagi ni baiti 4 zinazoingizwa ndani ya fremu (kifurushi cha data) kusema "mimi ni wa VLAN fulani". Kompyuta ya kawaida haihitaji kuijua tagi. Kwa hiyo poti ya kompyuta ni aksesi: fremu zinaingia bila tagi, swichi inazihesabu ni za VLAN uliyoitaja, zikitoka zinavuliwa. Poti inayobeba VLAN nyingi, kwenda swichi nyingine, ruta au AP yenye majina kadhaa ya Wi-Fi, ni tranki: kila fremu inasafiri na tagi yake, isipokuwa za VLAN moja, ambayo Cisco wanaiita "native".

Kwa lugha ya TP-Link yako, PVID ni jibu la swali "fremu ikiingia bila tagi, niihesabu ya nani?" Untagged na Tagged ni jibu la "fremu ikitoka, niivue tagi au niiache?" Aksesi ya VLAN 10 ni: PVID 10, VLAN 10 Untagged, basi. Wengi wanabadilisha Untagged wanasahau PVID. Matokeo yake trafiki inatoka sawa, ila inaporudi inaingia VLAN 1, na hapo utatafuta mchawi bure.

Kwa AP yako: VLAN ya kuisimamia AP iwe Untagged pamoja na PVID yake, na VLAN 30 iwe Tagged. Halafu nenda kwenye poti inayokwenda kwenye ruta, na huko pia VLAN 30 iwe Tagged. Nadhani hapo ndipo palipokwama. VLAN lazima iruhusiwe njia nzima, kila poti inakopita mpaka kwenye kinachogawa anwani.

Na tafadhali bonyeza Save kule juu. Apply peke yake inafanya kazi mpaka umeme ukatike.

#6 BintiKebo

Ilikuwa poti ya ruta! Sikuigusa kabisa huko. Wageni wanapata anwani sasa. Asante sana kaka, na Save nimebonyeza.

#7 FundiRaki

Karibu dada. Kwa wenye Cisco, kwenye tranki kuna neno moja linaloangusha ofisi nzima. Una tranki inapitisha VLAN 10 na 20, unataka kuongeza 30. Ukiandika:

`switchport trunk allowed vlan 30`

hujaongeza kitu. Umefuta orodha yote na kubakiza 30 pekee. Kama wewe mwenyewe umeingia kupitia VLAN 10 ukiwa mbali, umejifungia nje. Sahihi ni:

`switchport trunk allowed vlan add 30`

Kama unafanya kazi hizi ukiwa mbali na raki, anza na `reload in 10`. Swichi itajizima na kujiwasha baada ya dakika 10 na kurudi kwenye konfigi iliyohifadhiwa. Ukijifungia nje, unasubiri tu. Mambo yakienda sawa, `reload cancel` kisha `write memory`. Usihifadhi kabla, maana utakuwa umehifadhi kosa lenyewe.

#8 KijanaWaTudor

Habari zenu wakubwa, niko Mombasa. Mimi shida yangu ni kamera. Swichi ni 2960-X poti 24 ya PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao), kamera 16 na AP 6. Mchana kila kitu shwari. Magharibi ikiingia kamera zinaanza kuzima na kuwaka. Nimebadilisha kamera mbili, hali ni ileile.

#9 FundiRaki

Usiku taa za infraredi zinawaka, kamera inakula wati zaidi. Hiyo "magharibi" yako imeshasema karibu kila kitu.

Kama ni ile 24PS, ina wati 370 za PoE kwa poti zote kwa pamoja. Gawanya kwa 24 utaona kila poti inapata kama 15.4, ambacho ndicho kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003. Sasa AP za 802.3at, kiwango chenye umeme zaidi, zinaweza kuhesabiwa mpaka wati 30 kila moja. Sita ni 180. Kamera 16 kwa 15.4 ni kama 246. Jumla 426. Ukizihesabia zote kiwango cha juu, bajeti imepasuka. Kwa kawaida hazifiki huko, lakini angalia mwenyewe mara mbili, mchana na saa mbili usiku:

`show power inline`

Juu kabisa utaona "Available", "Used" na "Remaining". Ukiona inayobaki ni kidogo, anza kwa kuandika `power inline never` kwenye poti zenye kifaa cha PoE ambacho hakitumiki. Kamera ambayo kwa karatasi yake haizidi wati 7, iwekee mwisho:

`power inline auto max 7000`

(hizo ni miliwati). Kamera ya lango kuu usiiache kwenye kubahatisha, iwekee `power inline static` ili swichi iitengee umeme wake hata kabla haijachomekwa.

Ila kama bajeti inabaki ya kutosha na bado zinazima, rudi kwenye kebo. Zile za alumini iliyopakwa shaba zinapoteza umeme mwingi njiani, na kamera iliyo mbali inapata volti pungufu pale inapozihitaji zaidi. Kwangura waya kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, umempata mwizi.

#10 KijanaWaTudor

Nitaangalia leo usiku nirudi. Halafu nina redio ya zamani ya kurusha mtandao, ya juu ya paa, ile ya Ubiquiti ya volti 24, kwenye swichi haiwaki kabisa.

#11 FundiRaki

Haitawaka. Hizo zinakula umeme wa moja kwa moja wa volti 24, hazifuati 802.3af. Swichi huuliza kwanza "wewe ni wa PoE?", redio haijibu, swichi haitoi umeme. Na ni heri, kwani volti za 802.3af ni karibu mara mbili ya hizo. Rudisha ile adapta yake ndogo.

#12 Mzee_wa_Pachi

Naomba nipinge jambo kabla halijasemwa, kwa sababu najua FundiRaki anakoelekea. Atakuja kuwaambia muweke portfast (amri ya poti kuanza kupitisha data mara inapowaka) kila mahali. Mimi nimekaa kwenye hii kazi muda, siipendi. Nimeona jengo zima limelala kwa sababu ya mtu kurudisha kebo ukutani, ncha zote mbili.

#13 FundiRaki

Shikamoo mzee. Umenisoma kabla sijafika.

Tusiiseme portfast peke yake. Bila portfast, poti ikiwaka inapita kusikiliza sekunde 15 na kujifunza sekunde 15, ikihakikisha hakuna lupu (njia ya kebo inayojizungusha), kabla ya kupitisha chochote. Sekunde 30 hizo, kompyuta inaomba anwani, haipati, inajipa ya 169.254, isiyoifikisha kwenye intaneti. Mtumiaji anakupigia simu "mtandao haupo". Hiyo ni kero ya kila asubuhi.

Dawa ya hofu yako ni bpduguard (inafunga poti ikipokea BPDU, ujumbe ambao swichi hutuma ili kugundua lupu), na lazima ziende pamoja:

```
interface range gi1/0/1 - 12
 description Kompyuta za ofisi
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 switchport voice vlan 20
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 storm-control broadcast level 1.00
```

Akirudisha kebo ncha zote mbili, swichi inapokea ujumbe wake yenyewe, inashtuka, inaifunga poti hapohapo: err-disabled. Inakufa poti moja au mbili, jengo linaendelea. Zile swichi ndogo za chini ya meza nyingi nazo hupitisha ujumbe huo, kwa hiyo hata lupu ikiwa kwenye kiswichi, bpduguard inaikamata. Kiswichi kinachoumeza ujumbe, hapo ndipo hiyo storm-control ya mwisho (inayozuia mafuriko ya data) inasaidia.

Poti ya kwenda swichi nyingine au ruta haiguswi na mambo haya. Tunarudi kwenye karatasi yetu ileile.

#14 Mzee_wa_Pachi

Marahaba. Hapo kwenye kuziweka pamoja nakubali. Lakini vijana wengi wanaandika mstari wa kwanza wanaacha wa pili. Na sema pia jinsi ya kuirudisha poti, maana watakuja kuuliza usiku.

#15 FundiRaki

Kweli mzee. Ondoa kwanza sababu, yaani hiyo kebo, kisha `shutdown` na `no shutdown` kwenye poti. Ukitaka ijirudishe yenyewe:

`errdisable recovery cause bpduguard`

Kwa kawaida inajaribu kila baada ya sekunde 300. Kama kebo bado ipo itajifunga tena, hakuna hasara.

#16 Mkude_wa_Juu

Na wafanyakazi wanaoleta ruta zao za nyumbani? Kwetu mtu kachomeka yake kwenye ukuta kupitia tundu la LAN, nusu ya ofisi ikapata anwani za 192.168.1 zisizokwenda popote. Portsecurity inatosha?

#17 FundiRaki

Portsecurity inasaidia kuhesabu vifaa kwenye poti. Ukiiwasha bila kutaja idadi inaruhusu kimoja tu, na cha pili kikija inaifunga poti. Kwa hiyo penye simu ya mezani na kompyuta nyuma yake, weka `maximum 3`, usisumbuke. Na badala ya kufunga, mimi napenda `violation restrict`: anayezidi anakataliwa, wenzake wanaendelea, wewe unabaki na kumbukumbu.

Lakini dawa ya ruta ya nyumbani ni DHCP snooping (DHCP ndiyo utaratibu wa kugawa anwani). Swichi inakataa mtu yeyote kugawa anwani isipokuwa poti uliyoiamini.

```
ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 10
no ip dhcp snooping information option
interface gi1/0/23
 ip dhcp snooping trust
```

Gi1/0/23 hapo ni ile inayokwenda kwenye seva au ruta inayogawa anwani. Anza na mstari huo wa trust kabla ya kuwasha chochote, la sivyo hata mgawaji halali atazuiwa, na wote mtakosa anwani kadiri muda wa zile za zamani unavyoisha. Mstari wa tatu unauzima utaratibu wa swichi kuongeza taarifa zake kwenye ombi la anwani. Ruta za Cisco zinazogawa anwani huwa zinalitupa ombi la namna hiyo, na watu hulala macho kwa sababu yake.

#18 KijanaWaTudor

Nimerudi. Saa mbili usiku "Remaining" ilikuwa wati 9 tu. AP mbili nilikuwa nimeziweka kwenye ukumbi ambao hautumiki, nimezitoa. Kamera nazo nimeziwekea mwisho wa 7000, zote zimewaka ila ya lango kuu, inazunguka na inawaka na kuzima.

#19 FundiRaki

Ya lango si ndiyo ile kubwa inayogeuka? Hizo zina mota, na nyingine zina hita pia. Wati 7 haziitoshi, iondolee mwisho huo. Soma karatasi yake. Ikiwa imeandikwa 802.3at, ipe `power inline static max 30000`, na uihamishie kwenye kebo ya shaba tupu kama hii ya sasa ni zile za alumini.

#20 KijanaWaTudor

Ni yenyewe, 802.3at. Imetulia sasa. Kebo nitaikwangua kesho.